Tunapomwombea Mgonjwa wa Saratani, Tunaomba Nini?

Tafakari ya wiki
Masomo: Mhubiri 3:1–8, Zaburi 139:13–16



Mhubiri anapohesabu majira ya maisha ya mwanadamu, anaweka kuua na kuponya katika aya moja, ile ya tatu. Wengi wetu huipita haraka. Tunafurahia kupanda, kucheka na kukumbatia. Tukifika kwenye kuua tunainamisha macho, tukidhani Mhubiri anasema habari za vita tu. Wiki hii nawaomba tukae kwenye aya hiyo, kwa sababu ya swali aliloniuliza mama mmoja wa hapa Kariakoo ambaye mwanawe alikuwa amelazwa akipewa dawa za saratani. Aliniambia: "Mchungaji, kanisani tunakemea roho ya mauti. Hospitali daktari ananieleza kwamba dawa hii kazi yake ni kuua. Sasa mimi nikipiga magoti, niombe nini?"

Mama yule anastahili jibu, na jibu lake tutalipata kwanza ndani ya mwili wenyewe, jinsi Mungu alivyouumba.

Mwili wako umejengwa kwa seli zisizohesabika. Kila siku mabilioni ya seli hizo hufa, nawe unaendelea kula, kufanya kazi na kulala. Seli nyekundu ya damu huishi kama siku 120, kisha huondolewa. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Tena kifo hiki hakianzi uzeeni. Zaburi ya 139 inamsifu Mungu kwa kazi yake ya siri tumboni mwa mama, na sayansi imetuonyesha sehemu ya kazi hiyo. Katika wiki za mwanzo za mimba, vidole vya mtoto vilikuwa vimeshikamana. Seli zilizokuwa katikati ya vidole zilipokea amri ya kufa, zikafa, na vidole vikaachana. Mkono unaopima vitambaa Mtaa wa Kongo, unaopanga mafungu ya nyanya sokoni, unaopokea mkate na kikombe mezani pa Bwana, ulipata umbo lake kwa sababu seli kadhaa zilikubali kuondoka.

Mwaka 1972 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Aberdeen, Uskoti, yaani John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walieleza kifo cha namna hii na kukipa jina la apoptosisi. Seli iliyofikiwa na wakati wake haipasuki ovyo. Inasinyaa. Ndani yake vimeng'enya viitwavyo kaspesi vinakata protini zake moja baada ya nyingine. Inajigawa katika vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli za ulinzi zinavimeza. Hakuna usaha, hakuna homa, hakuna kovu. Seli iliyouawa kwa kuungua au kwa kukosa damu ni tofauti: hupasuka, humwaga yaliyomo ndani yake, na mahali pale pakavimba na kuuma.

Mwaka 2002 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston, waliofuatilia maisha ya mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja. Mnyoo huyo anapokua, mwili wake hutengeneza seli 1,090. Kati ya hizo, 131 hufa, zikabaki 959. Katika kila mnyoo ni zile zile, kwa wakati ule ule. Nilipolijua jambo hili nilirudi kwa Mhubiri nikamsoma kwa heshima mpya. Aliposema kila jambo lina majira yake, alisema kweli hata juu ya kiumbe ambacho yeye hakukijua.

Sasa saratani ni nini? Kwa sehemu kubwa, ni seli iliyokataa majira yake. Sisi wa Kariakoo tunamfahamu mpangaji wa fremu ambaye mkataba wake umekwisha na hataki kutoka. Anabaki, anatandaza mali mpaka kwenye korido, kisha kwenye ngazi, kisha anaziba mlango wa jirani. Mwisho jengo zima halipitiki na wote wanapata hasara, naye akiwamo. Seli ya saratani hufanya hivyo mwilini. Inaendelea kugawanyika bila kutumwa, na amri ya kuondoka inapokuja haiitii.

Kwa muda mrefu wataalamu walitazama zaidi upande wa kuzaliana, yaani seli zinazoongezeka kupita kiasi. Mwaka 1988, huko Melbourne, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL-2, iliyokuwa imegunduliwa kwenye saratani ya tezi za limfu, haikuwa ikiihimiza seli igawanyike. Ilikuwa ikiizuia kufa. Tangu hapo imeeleweka kwamba kukataa kufa ni chanzo cha saratani sawa na kuzaliana bila kipimo. Kuna protini nyingine, p53, iliyotambuliwa mwaka 1979, ambayo kazi yake ni kukagua kama jeni za seli zimeharibika. Uharibifu ukiwa mdogo, seli husimamishwa ili irekebishwe. Ukiwa mkubwa, huamriwa ife. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu katika jeni ya p53. Mkaguzi ameondolewa, na seli mbovu zinapita.

Wapendwa, katika habari hii Afrika Mashariki ina sura yake. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, mtu wa sala ambaye alipoteza jicho moja utotoni, alimwona katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine huko Jinja. Akaanza kuuliza, kuandika na kuchora ramani. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu aina ya Ford kiasi cha kilomita 16,000, akipita Tanganyika na kuendelea kusini, hospitali kwa hospitali, akionyesha picha za watoto na kuuliza kama ugonjwa huo upo. Ramani yake ilipokamilika ilifanana na ramani ya joto na mvua, na kwa hiyo na ramani ya malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakichunguza vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Kampala hadi London, waligundua kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Leo tunafahamu zaidi jinsi mambo hayo yanavyokutana. Watoto wengi wa kwetu hupata kirusi hicho wakiwa wadogo, kwa njia ya mate, na wengi hakiwadhuru kitu. Lakini malaria ya mara kwa mara huchochea seli za kinga zigawanyike kwa haraka, na katika haraka hiyo jeni hukatika na kuungwa pasipo pake. Jeni iitwayo MYC inapohamia jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, inatoa amri moja tu: gawanyika. Mungu ameweka kinga hata hapo, kwani seli yenye afya ikisukumwa hivyo na MYC hujiua yenyewe. Katika ugonjwa ule wa watoto, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt, kinga hiyo imedhoofishwa, na kirusi kimechangia kuidhoofisha. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Kuna jambo linaloonekana chini ya hadubini ambalo limenigusa sana. Kipande cha uvimbe huo hujaa seli nyeusi zilizobanana, na katikati yake kuna madoa meupe yaliyotapakaa. Wataalamu wanasema ni kama anga la usiku lenye nyota. Kila doa ni seli ya ulinzi inayomeza seli zilizokufa. Maana yake, hata ndani ya uvimbe ule mkali, ile amri ya Muumba haijanyamaza kabisa. Seli nyingi bado zinakufa; tatizo ni kwamba zinazozaliwa ni nyingi zaidi. Zaburi ya 147 inamtaja Mungu anayefunga majeraha ya waliovunjika moyo, na aya inayofuata inasema anazihesabu nyota. Sijui mahali pengine ambapo aya hizo mbili zinakaribiana kama katika kipande kile cha mwili wa mtoto mgonjwa.

Na hapo ndipo dawa inapoingia. Burkitt alijaribu kisu, kikamshinda. Alipotumia dawa za kuua seli za saratani, methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini, uvimbe uliyeyuka mbele ya macho yake. Wapo watoto waliopona moja kwa moja baada ya dozi moja au mbili tu, jambo lililowashangaza madaktari wa dunia nzima. Vinkristini hutoka katika mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi na meupe, ule ule tunaoupanda kupamba nyua zetu hapa Dar es Salaam. Inaishika seli wakati inagawanyika, isiweze kumaliza. Seli ikikwama hapo, hufa kwa ile njia ya apoptosisi. Dawa nyingine huharibu jeni za seli hadi yenyewe itambue kwamba haifai kuendelea. Mionzi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya dawa hizi ni kuifikisha tena seli kwenye amri iliyoikataa. Dawa mpya zinaulenga mlango wenyewe: venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu, huifunga ile protini ya BCL-2 ili seli isiwe na pa kujifichia. Bei yake bado ni mzigo mzito kwa familia za kwetu. Tuombe na tudai kwamba uponyaji wa namna hiyo usibaki kuwa wa matajiri.

Sasa naweza kumjibu mama yule, na ninyi nyote mnaouguza.

Unapopiga magoti, omba kifo kifanye kazi yake pale kilipokataliwa. Usiogope kusema hivyo mbele za Mungu. Kuua na kuponya vimekaa katika aya moja kwa sababu kuna wakati ambapo ni kazi moja. Daktari anapotundika dripu, hashindani na sala yako. Anafanya sehemu ya kile ulichokiomba. Mfalme Hezekia alipougua, Mungu aliyaona machozi yake na kumwahidi uzima, na bado nabii Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Habari hiyo iko katika 2 Wafalme 20. Sala ilijibiwa, na dawa ikatumika.

Kisha omba ulinzi. Seli za uvimbe zinapokufa kwa wingi ndani ya muda mfupi, usafi ule wa apoptosisi hauwahi, na yaliyomo ndani yake humwagika katika damu na kuzielemea figo. Ndiyo maana mtoto hupewa maji mengi ya dripu na dawa ya kulinda figo, na ndiyo maana wauguzi hupima mkojo wake usiku na mchana. Dawa pia hugusa seli nzima zinazogawanyika kwa haraka: za mizizi ya nywele, za mdomoni, za uboho. Nywele zinanyonyoka, midomo inatoka vidonda, damu inapungua. Hiyo si laana, wala si dalili kwamba Mungu amegeuka. Nywele zitaota, vidonda vitapona. Mama usikie neno hili, na jirani usiye na la kusema pembeni ya kitanda usikie pia.

Kisha omba uvumilivu wa kumaliza. Uvimbe wa taya unaweza kunywea ndani ya siku chache, na hapo huja jaribu kubwa. Familia inatazama, inashukuru, inafungasha na kurudi nyumbani. Kumbe zimebaki seli ambazo jicho halizioni, nazo zinaanza upya, mara nyingi zikiwa sugu kwa dawa. Ushuhuda wa uponyaji usitolewe madhabahuni ili kumtoa mtoto wodini. Mwache amalize mizunguko yake yote, kisha tutaimba pamoja, nami nitaongoza wimbo.

Lakini ninaposema haya, sitaki mtu yeyote aondoke akidhani kwamba mchungaji amesema kifo ni kizuri. Paulo katika 1 Wakorintho 15 anaiita mauti adui, naye ni adui. Kifo cha seli kinachoulinda mwili ni kitu kimoja. Kifo cha mtoto ni kitu kingine. Sitasimama mbele ya jeneza la mtoto nikasema mtoto huyo alikuwa pando la Mungu lililohitaji kung'olewa. Nitalia na wazazi, kama Bwana alivyolia kaburini kwa Lazaro. Wala hatutauliza nani alitenda dhambi. Wanafunzi waliuliza swali hilo katika Yohana 9, na Bwana akalikataa.

Pia wapo wagonjwa ambao dawa imefika mwisho wake. Kwao kuna wakati wa kuacha kupambana na kuanza kutuliza. Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni katika majengo ya zama za Wajerumani, ina huduma ya tiba shufaa, pamoja na mofini ya kunywa kwa maumivu makali. Mgonjwa anayepewa mofini hajakatiwa tamaa, na mlezi anayempa hajakosa imani. Kuondoa maumivu ni kazi ya upendo.

Neno moja kwa akina mama na mabinti. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo huanza na kirusi cha HPV, ambacho hutengeneza protini ya kuiangamiza p53, yule mkaguzi tuliyemtaja. Kirusi humwondoa mkaguzi kwanza, ndipo uharibifu upite. Chanjo ya kukizuia ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018, na mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walianza kupewa dozi moja. Mzazi anayesikia uvumi kwamba chanjo hii inafunga kizazi na akamficha binti yake, namwomba kwa jina la Bwana amrudishe kwenye foleni. Na mama mwenye umri wa kuchunguzwa aende kuchunguzwa akiwa hana maumivu. Akingoja maumivu, amechelewa.

Kuchelewa ndiko kunakotuibia watu wetu. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili ni mwendo mfupi. Ukipita Fire na kuingia Upanga umefika. Hata hivyo wapo wanaotumia miezi kuvuka umbali huo, kwa sababu njiani kuna spika ya muuza dawa anayeahidi chupa moja ya kutibu magonjwa yote, na kuna mhubiri anayeuza maji na kudai kwamba hospitali ni kwa wasioamini. Ndugu zangu watumishi, tutaulizwa. Mtoto mwenye uvimbe unaokua maradufu kila siku mbili hana mwezi wa kutupa sisi tumalize mfungo. Tumpeleke kwanza, tufunge tukiwa wodini. Kwa watoto wenye saratani, shirika la Tumaini la Maisha hushirikiana na Hospitali ya Taifa Muhimbili ili watibiwe bila familia kutozwa. Wazazi wengi hawalijui hilo, nao huogopa gharama kuliko ugonjwa.

Kwa wiki hii

Kila jumuiya imtafute mgonjwa mmoja wa saratani au familia moja inayouguza, Mkristo au Mwislamu. Kariakoo tunazikana bila kuulizana dini. Basi na tuuguzane hivyo hivyo. Wengi wao wametoka mikoani na wamepanga chumba cha gesti karibu nasi wakisubiri siku ya kliniki. Wapelekeeni chakula, nauli, na mtu wa kukaa na mgonjwa ili mlezi alale. Mwenye damu ya kutoa akatoe.

Wazazi, mtoto akivimba taya au tumbo, meno yakalegea bila sababu, au jicho likasukumwa nje, msiishie kung'oa jino. Ombeni rufaa siku hiyo hiyo. Na chandarua kitundikwe kila usiku, kwa maana vita dhidi ya malaria ni vita dhidi ya limfoma hii pia.

Wazee wa kanisa, tafadhali msimwombee mgonjwa yeyote bila kumuuliza tarehe ya dozi yake inayofuata. Iandikeni, na siku hiyo mumsindikize.

Tuombe

Mungu uliyetuumba tumboni mwa mama zetu, uliyezipa seli zetu siku ya kuanza na siku ya kukoma, tunawaleta mbele zako wote wanaougua saratani, walio katika hospitali za Muhimbili, Ocean Road, Bugando na kwingineko, na wale waliojificha nyumbani kwa hofu. Zile seli zilizokataa amri yako, zifikie kwa dawa na kwa mionzi, zife. Zilizo nzima zihifadhi: figo, uboho, moyo. Wape madaktari na wauguzi akili safi na usingizi wa kutosha. Wape watafiti bidii, na uwape watawala wetu moyo wa kuhakikisha dawa inamfikia maskini. Wape wazazi nguvu ya kumaliza safari waliyoianza. Ambaye dawa imeshindwa kumponya, mpunguzie maumivu na usimwache peke yake. Nasi majirani, tutoe kwenye maneno tuingie kwenye matendo, kuanzia leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyekufa kwa hiari ili tuwe na uzima. Amina.